Tarishi Aliye Hewani

Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nne na dakika kumi asubuhi, mlango wa lifti wa ghorofa ya tano ulifunguka na lifti haikuwamo. Tarishi wa idara, aliyebeba mafaili hadi kidevuni, aliingia kama alivyoingia kila siku kwa miaka kumi na tisa. Chini hakufika. Mpaka leo bado anaanguka, taratibu, na sauti yake inasikika vizuri ukitega sikio mlangoni.

Ndani ya mafaili hayo zilikuwemo fomu za ukaguzi wa lifti. Idara ile ilikuwa na mazoea yake: fomu za mwaka mzima zilitiwa sahihi siku moja, Januari, wakati wa chai, ili watu wasisumbuane. Kwa hiyo siku ile, kwa mujibu wa fomu, lifti ilikuwa nzima.

Mume wa tarishi, fundi viatu, aliitwa kwa afisa usalama. Afisa huyo wafanyakazi walimwita Kofia, maana helmeti yake ya njano aliivaa siku za kupigwa picha tu.

"Pole sana, mzee wangu," Kofia alisema. "Tatizo fomu inataka saa aliyogonga chini. Hajagonga. Niandike nini?"

"Andika ameanguka."

"Anaanguka. Hiyo bado si ajali, mzee. Ni mwendo."

Basi ubao wa ukumbini, ule wa kuhesabu siku zisizo na ajali, uliendelea kuongezwa kila asubuhi. Ulipotimiza siku mia tatu wakubwa walikata keki. Fundi alipewa kipande, na kwa kuwa hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, alikila. Anajilaumu mpaka kesho.

Nyumbani hakukuwa na kaburi. Fundi hakuwa mgane, wala hakuwa mtu mwenye mke. Kila mchana alifunga kibanda, akapanda ngazi ghorofa tano, akaketi sakafuni kando ya mlango.

"Baba Watoto, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo mkubwa. Sauti yako ya njaa naijua."

"Na wewe je, huko?"

"Upepo tu. Kiatu cha kushoto kimeachia soli. Na mume fundi!"

Wafanyakazi walipita wakimwamkia. Mhasibu aliinama akaita, "Shikamoo mama! Faili langu la likizo uliliweka wapi?"

"Marahaba. Ninalo hapa."

"Aa, haya," mhasibu alisema, akaenda zake.

Mlango wenyewe uliendelea kufunguka ulipojisikia. Waliuwekea kiti mbele. Viti vikipungua kwenye mkutano, kiti hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuchukuliwa.

Siku moja fundi alikuja na godoro la chumbani kwao kichwani, akitaka kulitandika chini ya shimo. Mlinzi alimzuia getini, akamwita Kofia. Kofia alilibonyeza godoro kwa kidole.

"Sponji hii inashika moto upesi. Mzee, siwezi kuhatarisha usalama wa wafanyakazi."

Fundi alirudi nalo. Usiku alilala upande wake, ule mwingine akauacha.

Alhamisi iliyopita mkewe hakuuliza habari ya chakula.

"Baba Watoto, nanusa saruji. Naona sakafu."

Fundi alishuka ngazi mbio, magoti yakimlilia, mpaka kwenye mlango wa chini unaoingia shimoni. Ulikuwa na kufuli lenye kutu. Mlinzi alimtuma kwa msafishaji, msafishaji akamtuma kwa Kofia, Kofia akasema mambo ya milango ni ya watu wa majengo, na watu wa majengo walikuwa semina. Semina ya usalama kazini.

"Lakini hoja yako ni nzuri," Kofia alisema, akimshika bega. "Ilete kwa maandishi."

Fundi aliishia darasa la nne. Aliomba karatasi, akaandika kwa kalamu yake ya kuchorea ngozi, mstari mmoja, herufi kubwa. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikapewa namba, ikawekwa kwenye trei ya kupelekwa juu, kumsubiri tarishi mpya ambaye bado hajaajiriwa.

Ilisema: UFUNGUO WA MLANGO WA CHINI ANAO NANI?