Taulo la Baba

Bafu letu halina dirisha. Lina feni ndogo ya kutolea hewa, imefungwa darini, na zamani ilikuwa ikisahauliwa inavuma kutwa wakati hakuna mtu nyumbani. Baba akachoka nayo. Akanunua swichi ya saa, akaifunga mwenyewe, akaiwekea dakika mbili: ukizima taa, feni inaendelea kidogo, kisha inajizima.

"Feni haiogi," alisema akifuta mikono. "Kwa nini ishinde bafuni?"

Tulicheka. Baba huoga kama mtu anayefukuzwa. Akitoka, hata kioo hakijapata ukungu. Alijipimia yeye, akatupimia sote.

Mwezi huohuo bibi, mama yake baba, akahamia kwetu. Magoti yake yalikuwa hayakunjiki vizuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwogesha, yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kwa maji ya moto, taratibu.

"Mke mwenzangu, sugua mgongo," alikuwa akiniambia. "Au unaogopa nitakuzidi uzuri?"

Tulitoka tukiacha mvuke umejaa kila pembe, na feni ilinyamaza kabla sijamfunga vifungo vya gauni.

Harufu ilianza polepole, kama ya tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo. Kisha weusi ukatokea kwenye pembe za dari, ukateremka kati ya vigae. Pazia la kuogea likaota utelezi upande wa chini. Likinigusa mguu, nilihisi nimelambwa na ng'ombe. Siku moja nilitazama juu, tone likadondoka kutoka kwenye ule weusi likaingia mdomoni mwangu. Nilisugua ulimi kwa chumvi mpaka ukawaka, na bado nilihisi ladha yake.

Lakini hakuna aliyelisema bafu. Walimsema bibi. Akiinuka kochini, mama alipuliza marashi pale alipokuwa amekaa, bibi mwenyewe akiwa hata hajaufikia mlango. Kaka yangu alianza kulia chakula chake jikoni, amesimama. Pazia lilinitia kinyaa, lakini chupa ile ya marashi ilinitia kichefuchefu.

"Jumamosi nampeleka kwa shangazi yenu," baba alisema jioni moja. "Uzee una harufu yake. Si kosa la mtu."

Shangazi hutoka alfajiri, hurudi giza limeingia, na hufunga mlango kwa nje. Wote tulilijua hilo. Nilitaka kusema, lakini mbele ya baba nikaanza kukusanya vikombe.

Bibi alisikia. Kesho yake aliomba kuoga asubuhi, na mchana akaomba tena.

"Chukua ile brashi ya sakafu," aliniambia bila kunitazama. "Hii sponji haiondoi kitu."

Mabega yake yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu. Niliinama nikamnusa shingoni: sabuni tupu. Kisha nikachukua taulo lake kwenye msumari nyuma ya mlango, nikamfunika, na ile harufu ikatupanda sote wawili. Nikanusa langu. La mama. La kaka. Yote ni yaleyale. La baba halikuwepo, kwa sababu baba hapendi taulo lake lichanganywe na ya watu. Hulianika dirishani chumbani kwake.

Baba alipokwisha kuoga asubuhi iliyofuata, nilikwenda nikalitoa taulo lake dirishani, nikalitundika bafuni kati ya la bibi na langu. Kesho yake alfajiri nikalirudisha.

Tulikuwa tunakunywa chai tuliposikia baba bafuni anakohoa, anatema kwenye sinki, anakohoa tena. Akatoka maji yakimchuruzika kidevuni, amelishika taulo kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Nani kampa bibi yenu taulo langu?"

Wote wakamtazama bibi. Bibi akatazama kikombe chake.

"Hajaligusa, baba," nilisema. "Mimi ndiye niliyelitundika bafuni. Limekaa humo tangu jana, basi. Na langu nusa."

Nikalitoa bafuni, nikampa. Nikampa na la mama. Mama alilinusa kabla yake, akaziba mdomo.

Baba aliingia bafuni, akapanda kwenye kiti cha bibi, akapitisha kidole darini. Kikarudi kimepakwa ute mweusi. Alikitazama, akakinusa, akageuka upande kutapika. Alipomaliza kusukutua, akaizungusha swichi mpaka nusu saa.

"Itajizima yenyewe," alisema, ingawa hakuna aliyeuliza.

Jumamosi hakuna aliyefunga begi. Baba alishinda bafuni na brashi na dawa, kitambaa puani, huku ule uchafu ukimdondokea kichwani. Alipomaliza, akapigilia msumari wa pili pale dirishani kwake, akatundika taulo la mama yake. Kisha akaja kujitupa kochini, ananuka kama mtaro.

Alipoinuka kwenda kuoga, bibi akamgeukia mama, kwa upole, kama anayeomba chumvi.

"Mkwe wangu, huyu mbona humpulizii?"

Chupa ilikuwa mezani, karibu na mkono wa mama. Mkono haukusogea. Huko bafuni feni ilianza kuvuma, na baba alipokwisha kutoka, iliendelea.