Vitufe Viwili

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya mlango wa nyumba yangu, Morogoro, na mlango hauna kitasa. Una vitufe viwili vya kijani, kimoja kila upande, vimeachana sentimita sitini.

Umbali huo ni wangu. Niliuandika mwaka 1989 nilipobuni mashine ya kushindilia bati liwe sufuria. Chuma chake hakishuki mpaka mikono yote miwili ibonyeze, kwa sababu mkono ulio kwenye kitufe hauwezi kuwa chini ya chuma. Sijawahi kuona haja ya kuieleza kanuni hiyo mara mbili.

Nabonyeza. Mlango unafunguka.

Ndani si sebuleni, ni kiwandani. Mezani kuna mchoro nilioulaza kweli mezani kabla ya kwenda kulala: mashine yangu ileile, kitufe cha kulia kimekatwa kwa kalamu nyekundu. Mkurugenzi Kiwelu anataka sahihi yangu kufikia saa tatu asubuhi. Mkono mmoja ubonyeze, mwingine ulishe bati, sufuria mia mbili zaidi kwa siku. Amenipigia simu mwezi mzima. Nina miaka sabini na moja na nimechoka kukataa.

Kwenye benchi vimekaa vidole viwili, vimevaa kofia za kazi.

"Shikamoo, mhandisi," kinasema kile kifupi.

"Marahaba. Ninyi ni vya nani?"

"Vya Rajabu Mloka, zamu ya asubuhi. Mimi ni kidole cha shahada, mwenzangu ni cha kati. Tunangoja tangu mwaka tisini na nane."

"Mnangoja nini?"

"Mwenyewe aje kutuchukua. Alipopelekwa hospitali alisema anarudi."

"Hakusema," kinasema cha kati. "Alipiga kelele tu. Huyu anapenda kupamba maneno."

Mloka namkumbuka. Alifunga kitufe cha kulia kwa mpira wa tairi la baiskeli kibaki kimebonyea, ili kazi iende haraka. Ripoti niliiandika mimi: mpira mweusi, upana milimita kumi na mbili, mafundo mawili, kosa la mfanyakazi. Vipimo vyote vilikuwa sahihi.

Sijapiga hatua, lakini sasa niko Matombo, kwenye kibanda cha baba yangu, mhunzi. Anavukuta mivukuto miwili, mkono huu unapanda, ule unashuka.

"Baba, pumzisha mkono mmoja."

"Nikipumzisha mmoja, moto nao utapumzika."

Hageuki kunitazama. Alifariki mwaka 1971, kwa hiyo simlazimishi.

Nyuma yake imesimama mashine yangu. Mchoro uko chini ya chuma, na kalamu inaning'inia juu yake.

"Weka sahihi, mzee," inasema mashine. "Sote tumechoka."

Nabonyeza vitufe vyote viwili. Kalamu inashuka mpaka kwenye karatasi, lakini sina mkono wa kuishika. Naachia mmoja. Kalamu inapanda. Nafanya hivyo mara kumi na nne.

"Mbona inapanda?"

"Kanuni ni yako," inasema mashine.

Benchi la vidole nalo liko hapa. Kidole cha kati kinavua kofia na kutoa kipande cha mpira. "Funga cha kulia, mhandisi. Ni sekunde tatu tu. Hata Rajabu alituambia hivyo hivyo."

Nafunga. Mkono wa kushoto unabonyeza, wa kulia unaenda kwenye kalamu. Chuma kinaanza kushuka. Nasikia benchi likilia: vidole vinasogea, vinaacha nafasi.

"Karibuni," kinasema cha shahada. Hakisemi na mimi. Kinasema na vidole vyangu.

Niliamka saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Nilihesabu vidole vya mkono wa kulia. Vilikuwa vitano.

Mchoro ulikuwa mezani, bila sahihi. Kalamu yangu ilikuwa imezungushiwa kipande cha mpira mweusi. Naishi peke yangu, na nyumba hii haijawahi kuwa na baiskeli. Nilichukua rula nikapima: upana milimita kumi na mbili. Mafundo mawili. Yalikuwa yamekazwa, na kuyafungua nilihitaji mikono yote miwili.

Saa tatu Kiwelu alipopiga, niliishika simu vivyo hivyo, kwa mikono yote miwili, nikamwambia hapana.