Kitabu Kilichowekwa Kakuma

Kitendawili! Bubu wangu hana ulimi, lakini ukimfunua anakusimulia safari nzima. Umeshindwa? Nipe mji basi. Haya, nimekwenda Lodwar nimerudi: ni kitabu.

Mwaka wa sabini na nne, Mwalimu Jerotich wa darasa la sita pale Lodwar alikuwa na kabati zima la mabubu hao, ila ufunguo alikuwa nao Mwalimu Mkuu Omollo. Watoto walizoea kusoma kwa kuitikia pamoja tu, mwalimu akitangulia. Jerotich akaomba kila mtoto ajichagulie kitabu chake, asome kimya baada ya uji, na likizo aende nacho nyumbani.

"Sawa," alisema Omollo. "Lakini kikipotea hata kimoja, kabati nafunga."

Likizo ya Aprili ikaisha. Vitabu vikarudi, vingine vinanuka moshi na maziwa. Cha Akiru hakikuonekana.

"Mbuzi ameshakula!" Ebei, mwanafunzi mwenzake, akacheka.

"Mbuzi gani akule kitabu na wewe upo?" Akiru alimjibu, kisha akamgeukia mwalimu. "Hakijapotea, Mwalimu. Kiko Kakuma kwa Asekon, binti wa shangazi."

"Sasa kwa nini ukampa?"

"Kitu kizuri hakikai boma moja, Mwalimu. Baba ana mbuzi kwetu, na wengine ameweka kwa rafiki yake Lopur. Ukame ukija hapa, wale wapo."

Jerotich alishika kichwa, huku kicheko kinamtoka. "Na ulikisoma lakini? Yule msichana wa kitabuni na punda wake, maji waliyapata?"

Akiru alitazama vidole vya miguu. Mwalimu akaingiwa na wasiwasi. Labda hakukifungua hata!

Omollo alitoa muda mpaka Ijumaa. Jerotich akampa dereva wa lori la posho barua ya kupeleka Kakuma.

Ijumaa saa sita lori likarudi. Asekon akaruka chini, vumbi hadi kwenye kope, kitabu kimefungwa kwenye ngozi laini ya mbuzi.

"Ejok!" alisalimu. "Kimesomwa na watoto tisa. Tunaojua tuliwasomea wasiojua, sasa nao wanataka kujifunza. Akiru, njoo umalize!"

"Amalize?" Jerotich aliuliza.

"Alibakisha kurasa mbili makusudi, Mwalimu, ili awe na sababu ya kunifuata tena. Na mimi nisimwambie kitu!"

Omollo alikikagua kitabu kama mtu anayenunua ngamia. Hakuna palipochanika. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kiganjani mwa Jerotich.

"Huyu mgeni mpe vingine viwili arudi navyo," alisema, akampa Akiru chake.

Akiru alisoma palepale juani, midomo imefungwa, macho yanakimbia. Darasa zima likamngoja, na Mwalimu Mkuu mwenyewe hakuondoka. Mwishowe akainua uso.

"Waliyapata, Mwalimu," alisema. "Na aliyeyachimba ni punda!"