Mtu Asiyedai

Pazia la mlango wa chumba cha kufulia lilikuwa fupi, halikufika chini, na Mama Povu akiwa ameinama kwenye meza ya pasi aliona viatu kabla hajamwona mwenye navyo. Viatu vya soli nene vilikuwa vya kijana wa duka lililomkopesha mashine. Kandambili zilizolika kisigino zilikuwa za muuza sabuni wa jumla. Viatu vya ngozi vya kamba vilikuwa vya mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kuingia ndani; alisimama tu nje na kukohoa mpaka wateja wote wakajua kuna kodi haijalipwa. Akiona kimojawapo, Mama Povu alichomoka kwa mlango wa nyuma, akajifanya anaanika. Mtu mzima na heshima zake, anajificha nyuma ya foronya za watu.

Madeni yenyewe hayakuja kwa anasa. Alinunua mashine kubwa kwa kulipa kidogo kidogo kwa sababu nyumba moja ya wageni ilimwahidi shuka za kufua kila wiki. Nyumba ile ikafungwa, mashine ikabaki. Akakopa huku ili alipe kule, akakopa kule ili atulize huku, na mwisho maji yakamfika shingoni. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa akituma alichonacho, nacho kiliishia kwenye chakula na ada za watoto.

Jirani mmoja ndiye aliyemwelekeza kwenye ofisi ya ushauri wa madeni, juu ya duka la dawa. Mshauri alikuwa binti wa rika la mdogo wake wa mwisho, mchangamfu, miwani kaiweka utosini muda wote huku akiitafuta mezani.

"Nani wanakudai, mama?" aliuliza. "Nitajie wote. Tukimwacha mmoja nje, huyo mmoja atauvuruga mpango mzima."

Mama Povu akawataja. Duka la mashine. Muuza sabuni. Mwenye nyumba. Chama cha kuweka na kukopa.

"Mwingine?"

Akafikiri kweli kweli, hakuwa anaficha. "Hakuna, dada."

Nami nasema hakudanganya. Angeulizwa nani amewahi kumsitiri, angejibu bila kusita. Lakini aliulizwa nani anamdai, na neno hilo halikumfikisha kwa Shemeji.

Huyu Shemeji hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa mumewe tangu ujana, mtu wa kufanya biashara hii na ile, sauti yake ya chini, nguo zake safi, hana haraka na jambo lolote. Mwaka uliopita lori la duka la mashine lilikuja mchana kweupe. Vijana walikwishachomoa waya, mashine iko nusu mlangoni, watu wamejaa barabarani wanatazama, wengine wameacha hata shughuli zao. Mama Povu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika tama. Shemeji akatokea, akamwita pembeni mkubwa wa wale vijana, akatoa bahasha, na mashine ikarudishwa mahali pake. Hakutaja kiasi. Alipoulizwa, alicheka kidogo tu.

"Ningekuacha uumbuke hivi hivi, shemeji? Mambo ya nyumbani haya."

Kisha akaomba kitu kidogo mno. Ufunguo wa akiba wa chumba cha kufulia ukae kwake, isije siku ukapotea mumewe akiwa safarini. Mama Povu aliutoa kwa mikono miwili.

Mpango ulikubaliwa na wote wanne. Masharti yalikuwa mepesi kusema: kila mwisho wa mwezi Mama Povu apeleke fungu moja ofisini, ofisi ndiyo igawe, asikope tena popote, na asimlipe mtu yeyote kwa mlango wa nyuma. Akikosa mwezi mmoja, mpango unavunjika, na duka linachukua mashine yake. Bila mashine hakuna dobi, na bila dobi sijui hao watoto wangekula nini. Mshauri alimwambia hilo mara mbili, taratibu, akimtazama usoni.

Simu zikanyamaza. Chini ya pazia vikapita viatu vya wateja tu. Mama Povu akaanza kuimba tena akipiga pasi, wimbo mmoja huo huo, hata fundi viatu wa jirani akamwomba kwa heshima ajifunze mwingine.

Ndipo Shemeji akaleta mashati mawili.

"Kama una nafasi, shemeji."

Asingekuwa na nafasi vipi? Aliyafua, akayanyoosha kola kwa maji ya wanga mpaka zikasimama zenyewe. Shemeji aliyachukua, akasifu, akaaga. Habari ya malipo haikutajwa, na Mama Povu aliona aibu hata kuiwaza. Wiki iliyofuata yalikuja mashati na suti. Halafu mapazia ya nyumbani kwake. Halafu, siku moja asubuhi, bunda la shuka zilizofungwa kwa kamba, zina alama ya wino pembeni. Mama Povu aliitazama ile alama. Haikuwa ya nyumbani kwa mtu.

"Za kijana mmoja, ana vyumba vya kupangisha wageni," alisema Shemeji. "Nimemwambia nina dobi wangu."

Lile neno "wangu" lilimkaa Mama Povu kifuani siku nzima. Alijiambia ni namna tu ya kusema.

Shuka zikawa zinakuja mara kwa mara, na kijana yule bila shaka alikuwa akilipa, ila si pale. Sabuni ilikuwa ya Mama Povu, umeme wa Mama Povu, mgongo wa Mama Povu. Wateja wake walikuta mashine imejaa, wakangoja, wakachoka, wakapeleka nguo kwingine. Mwezi ule fungu la ofisi lilitimia kwa kuuza redio. Jikaze kisabuni, alijiambia, maana alikuwa bado na moyo wa kujitania.

Asubuhi moja alifika akakuta mlango uko wazi. Akasimama pale mlangoni, akisikiliza. Ndani mashine ilikuwa inazunguka. Alipofunua pazia, Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mama Povu, mguu juu ya mguu, anakunywa chai kwenye kikombe cha Mama Povu.

"Nimeona nikupunguzie kazi," alisema. "Nimekwisha tia shuka. Miche ya sabuni imebaki michache, ununue."

Hakukuwa na tusi katika maneno hayo, wala ukali. Mama Povu aliogopa kuliko alivyowahi kumwogopa kijana wa viatu vya soli nene. Yule alikuja kudai, akapewa au akanyimwa, akaondoka. Huyu hakuwa na sababu ya kuondoka.

Mchana alimpigia mumewe, ambaye alikuwa amesimamisha lori mahali anasubiri mizigo.

"Ukamnyang'anye ufunguo mtu aliyekusitiri?" mume aliuliza. "Utamwambia nini? Mfulie hizo nguo zake, mke wangu. Nguo ni kitu gani?"

"Si nguo zake."

"Hata kama. Yule angetaka kutudhuru angekuwa ameshatudai."

Basi akarudi juu ya duka la dawa. Mshauri alimsikiliza, kisha akashusha miwani kutoka utosini, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Mama, mbona hukumtaja?"

"Uliniuliza nani ananidai. Yule alinisitiri."

"Si alitoa pesa?"

"Alitoa."

"Basi anakudai. Hakuna tabu, tunamwingiza awe wa tano. Ataje kiasi chake, apate chake pamoja na wenzake, nawe uwe na tarehe ya kumalizana naye. Nipe namba."

Neno "kumalizana" lilimpendeza Mama Povu hadi machozi yakamlengalenga. Alitaja namba. Mshauri akaiweka simu mezani, sauti imefunguliwa, akajitambulisha, akaeleza ofisi ipo wapi na inafanya nini, na mpango wa mama huyu ukoje. Kisha akauliza, anamdai kiasi gani?

Kwanza ilisikika sauti ya kijiko kikizunguka kwenye kikombe.

"Mimi?" alisema Shemeji. "Simdai chochote."

"Lakini kuna pesa ulitoa."

"Dada, yule ni shemeji yangu. Nitamdaije? Mimi na yeye hatuna deni. Ila nashukuru kunijulisha. Sikujua ana shida kiasi hicho. Hapo juu ya duka la dawa, ndiyo? Na ni kila mwisho wa mwezi?"

"Kila mwisho wa mwezi," alisema mshauri.

Alipokata simu uso wake ulikuwa umechangamka. "Umesikia mwenyewe, mama. Hakudai. Siwezi kumwandika mtu asiyedai. Na kama hadai, hana lake pale. Mkatalie hizo shuka."

Kwa mshauri lilikuwa jambo la kusema na kwisha. Mama Povu alishuka ngazi akishikilia ukuta. Hata hivyo, njiani jambo moja lilimjia, likamtia nguvu. Ametamka mwenyewe, mbele ya shahidi, kwamba hadai. Haya, basi asidai.

Siku ile ile alimwita fundi akabadilisha kitasa. Kesho yake, kabla jua halijachomoza vizuri, alikuwa ndani amesimama akiwa na pasi mkononi, baridi, haijawashwa, aliposikia ufunguo unaingizwa mlangoni. Ukazungushwa. Ukatolewa, ukaingizwa tena, polepole, bila hasira. Halafu ukaacha.

"Shemeji," ilisema sauti upande wa pili. "Upo?"

"Nipo."

"Kitasa kimeharibika?"

"Nimekibadilisha. Shuka zile sitafua tena. Ulisema hunidai."

Aliviona viatu vyake chini ya mlango, vyeusi, vimetulia, vimeelekea ndani.

"Umeniweka kundi moja na muuza sabuni," alisema Shemeji hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa kweli. "Haidhuru. Wewe bado ni wa nyumbani."

Viatu vikaondoka. Mama Povu akaiwasha pasi, akaanza kazi.

Alifanya kazi mwezi ule kama hana mwili. Alikwenda nyumba hadi nyumba kuwaomba wateja wake warudi, wengine aliwaomba radhi kwa makosa yasiyo yake. Alifua mablanketi kwa miguu ndani ya beseni ili kuokoa umeme. Alikubali sare za shule zilizojaa wino na aproni za bucha ambazo dobi wengine hawazigusi. Mikono ilichubuka, akaifunga vitambaa, akaendelea. Kila jioni aliweka chake kwenye kopo, na kila asubuhi alitazama chini ya mlango kabla ya kufungua. Hakuona mtu. Shemeji hakupita, hakupiga simu, hakutuma salamu. Ungedhani amesahau, na Mama Povu aliomba iwe hivyo, ila mtu yule hakuwa na sura ya kusahau.

Mwisho wa mwezi fungu lilitimia. Lote, tena likazidi kwa nauli ya kurudi. Alivaa gauni lake la sherehe. Alipanda zile ngazi bila kushika ukuta, na mwanangu, kama ungemwona ungedhani anakwenda kupokea tuzo. Hakuuza kitu cha nyumbani mwezi huu. Hakuna mtu aliyemsitiri. Zilikuwa pesa za mikono yake, zinanuka sabuni.

Mshauri alimpokea kwa kicheko.

"Wewe mama una bahati. Keti, keti. Mbona umejisumbua?"

"Nimeleta fungu."

"Limeshalipwa."

Mama Povu alibaki ameunyoosha mkono wenye kitambaa cha pesa. "Na nani?"

"Shemeji yako. Yule wa simu. Kaja asubuhi mapema, mpole kweli, kakaa hapo ulipokaa. Kalipa mwezi huu. Kalipa na miezi ya mbele, mpaka mwaka uishe. Risiti yenyewe nilimlazimisha kuipokea."

"Ulisema hairuhusiwi."

"Wewe kulipa kando ndiyo hairuhusiwi. Kulipiwa hapa ofisini na ndugu, nani atakataza? Ingekuwa vizuri wote wangekuwa na ndugu kama huyo." Mshauri alikuwa akiitafuta miwani yake mezani. "Kaniambia nikwambie usihangaike kumshukuru. Kasema atapita pale kwako mwenyewe, mtaelewana habari ya ufunguo."

"Mrudishieni."

"Zimeshagawanywa, mama. Wote wanne wamepokea, wamefurahi mno."

Mama Povu alifungua kitambaa. Akaziweka pesa mezani, akazisukuma mbele kwa vidole vyake vilivyofungwa, akazisukuma tena mpaka zikagusa mkono wa yule binti.

"Dada," alisema, "nakuomba. Nirudishie deni langu."

Mshauri alicheka, akidhani ni utani. Halafu akamtazama vizuri, akaacha kucheka.