Magunia ya J4

Nilianza kuiona J5. Iliandikwa kwa wino mzito kwenye gunia lililokuwa nyuma ya mizani, nami nilikuwa nafagia stoo asubuhi ya mkutano. Sikujua maana yake. Niliona tu kwamba mwandiko ni uleule ulio kwenye magunia matatu yaliyorudishwa.

Hayo matatu ndiyo yaliyotukutanisha. Mnunuzi aliyakataa kwa sababu kahawa ilikuwa na unyevu na imeanza kunuka ukungu. Yote yaliandikwa J4. Kikundi chetu hapa Isansa kina vichanja vinne vya kuanikia kahawa, na cha nne ni cha mama mdogo Jenista, aliyenilea.

"J ni Jenista. Nne ni kichanja chake," alisema Mzee Hezron, mwenyekiti. "Aondoe kahawa yake leo, kichanja apewe mwingine. Kuna la kujadili hapo?"

"Hakuna!" aliitikia mama Tulinagwe. Kichanja chake ni cha tatu, na siku nyingi anakitamani cha nne kwa kuwa kinawahi jua.

Mama mdogo alisimama. Nyumbani tulikuwa na kahawa mbichi ya kujaza kichanja kizima, imemenywa jana. Isipoanikwa inaoza.

"Mnanionea! Kahawa yangu naigeuza kila saa! Waongo nyie!"

Watu walitikisa vichwa. Maneno yale hayakuigusa hoja ya mwenyekiti hata kidogo, na nilijua kwa nini.

Kabla hajarudi chuoni, Angel, binti wa mama mdogo, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuomba nafasi ya kusoma nje. Mimi nikichambua kahawa, yeye ananisomea maswali, kama hili. Duka limebadilisha bango, mauzo yakapanda, kwa hiyo bango ndilo lililoleta wateja. Lipi linadhoofisha hoja hiyo?

"Labda duka la jirani limefungwa," nilisema bila kuinua macho.

"Ni B! Dada Atu, umejuaje?"

Sikujua nimejuaje. Akanieleza kwamba wengi hukosea kwa kumbishia msemaji. Usimwite muongo. Ushahidi wake mkubalie wote, halafu utafute kama kuna sababu nyingine iliyoweza kuuleta. Tulifanya maswali arobaini hivi. Nilikosa matatu.

Sasa mkono wangu ulikuwa juu. Sijawahi kuunyoosha mkutanoni.

"Haya, darasa la tano nalo lina hoja," mama Tulinagwe alisema. Watu wakacheka. "Shule ilimshinda, atayaweza haya?"

Nilisimama.

"Nakubali, Mwenyekiti. Kahawa ni mbovu, na alama ni J4. Naomba kuuliza, J5 ni nani?"

"J5 ipi?"

"Ipo stoo, nyuma ya mizani. J3 pia ipo. Kichanja cha tatu ni cha mama Tulinagwe, na jina lake halianzi na J. Kichanja cha tano hatuna."

Mzee Hezron aliingia stoo mwenyewe. Alipotoka hakukaa. Alitoa kisimu chake cha vitufe, akampigia Osward, karani wetu wa zamani ambaye sasa anashughulika na malori mpakani Tunduma. Akaweka sauti ya juu.

"Osward, J4 uliyoandika kwenye magunia ni nini?"

"Jumanne, Mwenyekiti. Siku niliyofunga gunia. Kwani wewe hutumiwi meseji?"

Kicheko kilipasuka. "Wajukuu wananiandikia hivyohivyo!" mama mmoja alisema akijipiga paja.

"Jumanne ipi?" mwenyekiti aliuliza.

"Ile ya msiba."

Kicheko kilikatika. Siku ile mvua ilitukuta makaburini. Tulirudi mbio, tukaanua kahawa ya vichanja vyote vinne na kumrundikia Osward afunge, haijakauka vizuri. Mama Tulinagwe ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, "Funga, funga, inalowa!" Sasa alikuwa anaangalia kandambili zake.

"Mama Angel, utusamehe," alisema Mzee Hezron. "Kosa ni letu sote. Nenda kalete kahawa yako uanike."

Mama mdogo alipiga kigelegele, akanikumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka.

Mwenyekiti bado alikuwa ananitazama. "Na wewe, binti, akili hii umeitoa wapi? Si wewe uliyeshindwa la tano?"

Miaka tisa nimesikia maneno hayo, na miaka tisa nimeinamisha kichwa.

"Niliacha la tano, Mwenyekiti, ni kweli. Lakini sikushindwa. Bibi alipooza, nikabaki nyumbani kumuuguza. Mtihani wangu wa mwisho nilikuwa wa pili kati ya watoto sabini na mmoja."