Konokono Waliokataa Maji

Simu ya wifi yake ilimkuta Mama Koki amelala chali chini ya sinki la mteja, spana mkononi. Jina hilo alibandikwa na watu wa mtaani kwa sababu ya kazi yake ya ufundi bomba, naye hakulichukia.

"Wifi, njoo shuleni. Tangi langu linatoroka."

"Linavuja?"

"Lingevuja ningesema linavuja."

Wifi alikuwa mwalimu wa baiolojia. Mama Koki alipoingia maabara, alilikuta tangi la kioo limejaa maji ya bahari pomoni, pampu inavuma vizuri. Ndani hakukuwa na kitu zaidi ya mawe na konokono watano wenye magamba kama kofia. Wengine, wadogo weusi, zaidi ya thelathini, walikuwa wamevuka ukingo na kutapakaa ukutani. Mmoja alikuwa amejibandika kwenye kioo cha saa.

"Nimewapa maji mengi, masafi, saa ishirini na nne," mwalimu alilalamika. "Hawana shukrani hata kidogo!"

Mama Koki aliikagua pampu, akaiona haina kasoro. Angeweza kufunga mkoba wake na kuondoka. Badala yake alimbandua yule wa kwenye saa, akamtazama. "Sasa wanakimbia nini?"

"Kitabu hakisemi."

Swali lile lilimkaa kichwani wiki nzima. Jumamosi alimburuta wifi yake hadi ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Pale walipotolewa konokono wale palikuwa na miamba na vidimbwi, na juu kabisa, penye jua kali, ndipo weusi walipojazana, wakavu kama kokoto. Alimgeuza mmoja. Mlango wa gamba ulikuwa umezibwa kwa kifuniko chembamba, kimekaa barabara. Alipomtia kidimbwini, kifuniko kilifunguka, konokono akaanza kutembea.

"Kumbe amejifungia na unyevu wake ndani!"

Chini kidogo walikuwepo wenye kofia. Alijaribu kumsukuma mmoja kwa kidole gumba, wapi!

"Huyu kakazwa na fundi anayejua kazi," alisema. "Wifi, una rangi ya kucha?"

Alimtia doa jekundu gambani, na jingine mwambani ubavuni mwake. Kesho yake waliwahi kabla maji hayajashuka. Doa la mwamba lilikuwa peke yake. Lile la gambani lilionekana umbali wa mkono mzima, mwenyewe akila utando wa mwani juu ya jiwe. Maji yalipoanza kupungua, konokono alishika njia ya kurudi. Alifika, akajigeuzageuza kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia, kisha akatulia. Ukingo wa gamba uliingia katika kila kibonde cha mwamba.

"Kama washa, ule mpira wa kuziba bomba," Mama Koki alinong'ona. "Kila mmoja na kikalio chake. Wifi, hawa hawakimbii maji. Wamezoea yaje, yaondoke. Wewe umewafungulia bomba ukalisahau."

Jumatatu aliweka pipa chini ya meza ya maabara, akaunga mabomba mawili na kifaa cha kuwasha na kuzima pampu kwa saa. Mara mbili kwa siku maji yalipanda tangini, mara mbili yakashuka pipani. Katikati alisimamisha jiwe refu. Wenye kofia walijichagulia mahali. Weusi walipanda jiwe, wakaishia pale ambapo maji huwarukia tu. Wawili wabishi waliendelea kwenda ukutani, mwalimu akawaacha na ubishi wao.

Baada ya wiki tatu umeme ulikatika kutwa nzima. Mama Koki alikuja mbio, akihofia kazi yake. Maji yote yalikuwa pipani, mawe yameanza kukauka. Saa nane mchana, saa ambayo pampu ilizoea kuwaka, alisikia mkwaruzo mdogo. Aliinama. Weusi walikuwa wanafungua vifuniko, mmoja baada ya mwingine, na mwenye kofia mmoja ameinua ukingo wa gamba. Hakuna tone lililokuwa limewafikia.

"Wifi," aliita polepole, "nani kawaambia saa?"

Mwalimu alikuja akachuchumaa kando yake. Simu ya mteja iliita mfukoni mwa Mama Koki, ikaita tena. Wala hakuigusa.