Kichuguu Nyumbani kwa Edmond

Asubuhi ile Victorine alikuwa anapepeta unga wa mahindi nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Ruashi, Katanga, wakati mume wake Edmond alipotoka akamnyang'anya ungo. Akaumwaga unga wote ndani ya kantini, lile sanduku la chuma alilopewa kazini zamani, akafunga kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake.

Unga ule Victorine aliupata kwa cherehani yake. Jirani alileta gauni lililochanika, akalipa kwa unga, maana noti za Zaire siku hizo zilikuwa zinaoza mkononi kabla hazijafika sokoni.

"Mi njo baba wa nyumba," Edmond alisema. "Chakula inatokaka kwa baba."

Kampuni ya shaba ilikuwa imeacha kulipa. Posho haikuja tena. Maduka ya mjini yalikuwa yamevunjwa na askari, na raia wakabeba kilichobaki, mpaka milango. Edmond, aliyezoea kuleta gunia begani, hakuwa na cha kuleta tena. Basi akajifunza kufunga.

Victorine alipoingia kufagia, alikuta kichuguu kimemea katikati ya chumba cha kulala, kati ya upande wake na upande wa mumewe. Kilikuwa kimo cha kikombe. Akafagia kukizunguka, akatoka.

Jioni Edmond alimpiga kofi kwa sababu bukari, ugali wa jioni, ilikuwa laini. Kichuguu kikapanda shibiri moja.

Katanga vichuguu viko kila mahali, kando ya barabara, makaburini, nyuma ya kanisa, na udongo wake ndio unaotoa matofali mazuri. Cha ndani ya nyumba ni kichuguu kama vingine, ila kimepata paa. Majirani wakawa wanachungulia dirishani kama watu wanaotazama saa.

"Jana ilikuwa kwa goti, leo iko kwa kiuno," walisema. "Edmond, ulikunywa tena lutuku?"

Edmond alikuwa mchimbaji, na mchimbaji haogopi udongo. Alichukua sururu akaanza kumtafuta malkia, kwa kuwa hata mtoto anajua ukimtoa malkia, mchwa wote wanatawanyika. Alichimba vizuri, akaegemeza nguzo kama alivyofunzwa mgodini. Malkia hakuonekana. Kilichobaki ndani ya kichuguu ni kijumba kikavu chenye ubaridi na mlango wa chini, kinachomtosha mtu mmoja kulala. Victorine akamshukuru kwa kazi, akaingiza mkeka wake humo.

Kichuguu kilipofika darini, Edmond aliacha kupiga. Mabati yalikuwa yameanza kulia, na mabati yalikuwa yake. Ila kufunga hakuacha. Alifunga mafuta, akafunga viatu vya Victorine, mwisho akafunga cherehani yenyewe ndani ya kantini. Na kila kufuli lilipolia, kichuguu kilipanda shibiri moja, sawasawa na kwa kofi, na bati likazidi kubinuka.

Hapo ndipo watu wakakasirika.

Mzee Mwenze, shefu wa mtaa, aliita kikao uani, ndani ya lupangu, kiwanja cha Edmond. Mama Marie-Thérèse alikuja pia. Huyo alikuwa mama wa foyer social, ile nyumba ya kampuni ambamo wake wa wafanyakazi walifunzwa kushona. Tangu uporaji, foyer ilibaki na benchi moja na yeye mwenyewe, lakini hakuna mwanamke wa Ruashi aliyepigwa asiyelijua benchi hilo.

"Unataka nini, mama?" Mwenze alimuuliza Victorine.

"Minataka mashini yangu. Ni mama yangu alinipatia. Na kile minapata kwa mikono yangu, minataka nikile."

Mwenze akakigeukia kichuguu. "Kwa kofi, sawa, iko na haki. Hata padri atakubali. Lakini kwa unga? Unga ni mambo ya bwana. Hii kichuguu haijuwe sheria."

"Inajuwa kukupita, baba Mwenze," alisema Mama Marie-Thérèse. "Inapima kofi na kufuli kwa shibiri moja."

"Sheria inasema bibi hawezi kushika kazi kama bwana hakuitika."

"Na mi siitike," alisema Edmond. "Na udongo ni ya lupangu yangu. Akifanya matofali, ni yangu."

"Basi akuje kuyachukua ndani," alisema Victorine. "Mlango iko wazi. Ila atainama."

Watu walicheka, hata Mwenze. Kisha akakata shauri: cherehani itabaki kwa baba wa nyumba, na kichuguu kiache kuhesabu unga. Kiliambiwa kwa sauti, kwa heshima, na lutuku kidogo ikamwagwa chini yake.

Mchana uleule Edmond alifunga mlango wa jiko. Kichuguu kikapanda shibiri, kikatoboa bati. Mwenze alisema hakikuelewa vizuri, akaenda zake kula.

Kalaba, fundi wa mabati, alipanda akakata tundu safi ili mvua isiingie pembeni. Mama Marie-Thérèse sasa alipitia upande wa nje, ambako mchwa walikuwa wametoboa njia ya hewa kutoka kichuguuni mpaka ukutani, akapenyeza humo nguo za kushona na unga wa malipo. Victorine alishona kwa sindano ya mkono, polepole, bila cherehani, akala alichokishona. Edmond alizunguka na ufunguo wake, akigonga udongo.

"Victorine! Fungua!"

"Huku hakuna kufuli, Edmond. Inama tu, uingie."

Hakuinama.

Nchi ikabadilisha jina, pesa ikabadilisha sura, na ile sheria ya kuitika kwa bwana, kwamba mke hafanyi kazi mume asipokubali, ikakaa palepale. Vichuguu vikatokeza juu ya paa nyingine, Ruashi, kisha mjini, na kimoja huko Golf, mtaa wa matajiri, juu ya vigae. Kalaba akizeeka hivyo, kila alipoitwa kuezeka nyumba ya arusi, aliuliza kabla ya kupanda ngazi:

"Tundu ya kichuguu tuache wapi?"

Bwana arusi alionyesha kwa kidole, juu ya mahali pa kitanda, kisha akauliza kama kile kipande cha bati kitakachokatwa atarudishiwa.